Ubao Uliokunywa Mafuta

Fundi wa piano aligonga noti ya kwanza, akatega sikio, akakikaza kigingi cha uzi wake kwa ufunguo, na kabla hajauondoa ufunguo noti ile ikateremka yenyewe, taratibu, kama mtu anayesinzia kitini. Akakaza tena. Ikateremka tena. Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, na zaidi ya arubaini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kichwa kikiwa ndani ya piano za watu. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alijaribu kigingi cha pili, cha tatu, cha kumi. Kisha akapitisha kidole kwenye safu ya vigingi, akakinusa, na bila kugeuka akauliza:

"Nani ametia mafuta humu?"

Mwenye piano, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha vumbi mkononi. Akajibu kwamba hakuna aliyetia. Mafuta yangetoka wapi, na ya nini? Piano hiyo ya kusimama, iliyokaa ukutani mwa sebule kati ya dirisha na kabati la vyombo, ndiyo iliyokuwa jembe lake. Wanafunzi kumi na wanne walikuja kuikalia kila wiki, na baada ya siku kumi na mbili mtahini angefika kutoka mbali, akae kwenye sebule hii hii, awasikilize sita kati yao. Ni mara moja tu kwa mwaka. Nani mwenye akili zake angeimwagia mafuta?

"Ni mimi," ilisema sauti kutoka mlango wa jikoni.

Alikuwa mumewe, na kikombe cha chai mkononi. Kilichomuumiza Mwalimu si yale maneno bali namna yalivyotamkwa, kama ya mtu aliyekuwa akingojea kushukuriwa.

Wenzake wa kiwandani walimpa jina la Mzee Spana, na jina likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu miezi minane iliyopita. Tangu siku hiyo hakikutulia kitu. Alikuwa ameifungua redio, pasi, kitasa cha choo na saa ya ukutani, na vingine kati ya hivyo vilikuwa vimefungika tena. Sasa akaeleza, kwa utulivu wa mtaalamu, kwamba Mwalimu alipokwenda kumuuguza dada yake zile siku nne, yeye alifuta vumbi sebuleni, akakanyaga pedali ya piano, ikalia kama mlango wa ghala. Akainua kifuniko cha juu atafute kilio kinatoka wapi. Akaviona vigingi vya chuma zaidi ya mia mbili, vimepangwa safu safu, vikavu, vingine vina kutu. Akavionea huruma. Alichukua kile kikopo chake chenye mdomo mrefu, akakipa kila kigingi tone moja. Kesho yake, alipoona tone limenywewa, akaongeza.

"Uliongeza," fundi alisema.

"Vilikuwa na kiu, fundi mwenzangu."

"Mimi si fundi mwenzako."

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha wanafunzi. Fundi ndiye aliyemweleza, naye alieleza bila kumung'unya. Kigingi cha piano hakina skrubu wala nati. Kimegongomewa kwenye tundu la ubao mgumu, na kinachokishikilia kisivutwe na uzi ni kule kukwaruzana kwa chuma na mti mkavu, basi. Ukiweka mafuta hapo katikati, umekiambia kiteleze. Na ubao ukishakunywa mafuta hautapiki.

"Kwa hiyo imekufa," Mwalimu alisema.

"Inaumwa. Ilikuwa inaumwa hata kabla yake." Fundi alichuchumaa, akaondoa ubao wa chini, akaanza kutoa vitu na kuvipanga sakafuni: penseli tatu, pini za nywele, kipande cha chaki, vumbi lililoshikana likawa kama blanketi la panya. Akaonyesha sufi ya vinyundo vinavyogonga nyuzi, iliyoliwa na nondo. Kisha akauliza yeye fundi aliitwa hapa mara ya mwisho lini. Mwalimu akasema mwaka juzi. Fundi akatoa daftari lake, akafunua kurasa, akasema ni miaka minne na miezi miwili. Piano inayofundishiwa kila siku inataka fundi mara mbili kwa mwaka. Ile pedali haikulilia mafuta, ililia kwa sababu ngozi yake ilikwisha, na ngozi yenyewe ni ya kubadilisha kwa nusu saa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa..."

"Najua walichosema, dada," Mwalimu akamkatiza.

Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa dawa ya shida. Kung'oa kigingi kimoja kimoja, kusafisha tundu kwa spiriti, kuliacha likauke, kukivika kigingi kipande cha msasa laini, kukigongomea tena, kurudisha uzi wake. Vyote. Kisha kukaza sauti mara tatu au nne, maana nyuzi zikishalegezwa zinakuwa kama watoto waliotoka likizo. Fundi alisema viganja vyake haviwezi tena kazi hiyo peke yake. Inahitaji mtu wa pili, mwenye mikono ya nguvu na uvumilivu. Aliposema hivyo macho yake yalikwenda mlango wa jikoni.

"Huyu hataigusa tena," Mwalimu alisema.

Fundi alifunga mkoba wake. Akasema wakibadili mawazo wanajua anakokaa.

*

Kesho yake asubuhi Mwalimu alivaa gauni lake la heshima akaenda ng'ambo ya mji, kwenye shule kubwa yenye ukumbi na piano mbili, kuomba mtihani ufanyikie huko. Mkuu wa muziki wa shule hiyo alikuwa mwanafunzi wake zamani. Mwalimu alimfundisha vidole vyake vikiwa bado havifiki noti tano. Leo yeye alimkalisha Mwalimu kwenye benchi la nje muda wa vipindi viwili, pamoja na watoto waliochelewa shule, wakisubiri adhabu. Mmoja wao alimuuliza naye amefanya nini.

Alipoitwa ndani, mkuu wa muziki alimpokea kwa furaha na kumwita Mama. Hakumwita Mwalimu. Akauliza ile piano bado ipo, maana yeye alidhani siku hizi imeshakuwa kabati. Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mwombaji. Akaeleza shida yake, akaificha sehemu ya mafuta, akasema ni hitilafu ya vigingi. Mkuu akasema hakuna tatizo hata kidogo. Wanafunzi walete, ukumbi upo. Ila itabidi waandikishwe kwa jina la shule, ndivyo taratibu zilivyo, na wakishaandikishwa ni vizuri waendelee kusoma hapo hapo, wasitangetange.

"Na wewe Mama upumzike sasa. Umefanya kazi."

Mwalimu akasema atafikiria. Aliteremka ngazi akijihesabia miaka. Hamsini na saba. Hakuwa amechoka hata kidogo mpaka alipoambiwa apumzike.

Karibu na nyumbani, kwenye duka la kona, akakutana na mama wa wale pacha, wanafunzi wake wawili kati ya sita wa mtihani. Mama huyo alimshika mkono kwa upole wa mtu aliyekwenda kuhani msiba, akasema amesikia habari za piano kunywa mafuta, na kwamba wao pale nyumbani wameona wawapeleke watoto shule kubwa, kwa muda tu. Mwalimu akauliza amesikia kwa nani. Kwa kinyozi. Mzee Spana alikuwa amekwenda kwa kinyozi asubuhi ile, si kunyoa, bali kuuliza kama kuna anayejua dawa ya kuondoa mafuta kwenye mti, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa na yake ya kuchangia.

Mwalimu aliingia nyumbani midomo imemkauka. Alifungua mlango wa sebule, akasimama pale pale.

Piano ilikuwa nyeupe. Sakafu ilikuwa nyeupe. Mumewe, amepiga magoti juu ya kiti cha wanafunzi, alikuwa na kopo la poda ya watoto mkono mmoja na brashi ya viatu mkono wa pili, nyusi zake zimeota mvi za ghafla. Alisema, kabla hajaulizwa, kwamba poda inafyonza mafuta, kila mtu anajua. Sehemu ya juu ilikuwa imekwenda vizuri. Tatizo ni kwamba nyingine ilikuwa imepenya chini, kwenye vinyundo.

Alichofanya Mwalimu kwanza ni kuweka mkoba wake mezani, kwa uangalifu mkubwa, kama una mayai. Kisha akasema mengi. Majirani wa ukuta wa kushoto walizima redio yao wapate kusikia. Alisema kuhusu pasi, kuhusu saa, kuhusu kitasa cha choo kilichomfungia ndani mgeni. Alisema kuhusu kinyozi, kuhusu benchi la watoto waliochelewa, na kuhusu mvulana aliyemlea mwenyewe kimuziki na leo anamshauri akalale. Hayo yote mumewe aliyavumilia akiwa bado kwenye kiti, akidondosha poda. Lakini Mwalimu hakukomea hapo.

"Kiwanda chenu kilipokuchoka kilikurudisha nyumbani. Sasa umekuja kukifunga na changu."

Mzee Spana aliteremka kwenye kiti. Akaweka kopo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka.

Mwalimu alitwaa ufagio. Alifagia poda, akapiga chafya, akafagia tena. Mara mbili alijiambia amesema kweli tupu. Mara ya tatu hakuweza. Yeye ndiye aliyempikia siku ile aliporudi kutoka kiwandani na bahasha na saa ya mkononi ya kuagia. Alimwona akiitazama ile saa muda mrefu, halafu akaifungua kwa kisu kuona ndani mna nini.

*

Mzee Spana alirudi jua likiwa bado halijazama, na hakuwa peke yake. Fundi alikuwa mbele, yeye nyuma ameubeba mkoba wa fundi kwa mikono miwili. Alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa fundi, akakuta hayupo, akakaa kwenye ngazi mpaka fundi aliporudi. Fundi alisimulia hayo mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na jambo lililomgusa. Alisema mzee hakujitetea. Aliomba tu aonyeshwe.

Fundi aliitazama piano, akachota poda kwa kidole, akamtazama Mzee Spana, na Mzee Spana akatazama dari.

"Nina masharti," fundi akasema. "Wewe mzee, hufanyi kitu ambacho sijakuambia. Hata kupuliza usipulize. Na wewe Mwalimu utakaa hapa nasi, siku zote. Miaka thelathini unaigonga piano kwa nje, hujui ndani kuna nini. Angekuuliza kuhusu mafuta, ungemjibu nini?"

Mwalimu alivitazama vigingi. Asingejua. Angesema tu aache.

Basi wakaanza. Fundi alilegeza nyuzi. Mzee Spana alikizungusha kila kigingi mpaka kikatoka, akakiweka kwenye kipande cha katoni, na Mwalimu akaandika namba yake pembeni. Tundu lilisafishwa kwa pamba iliyolowekwa spiriti, pamba ikatoka ya kahawia, ikabadilishwa mpaka ikatoka safi. Msasa ulikatwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Nyumba nzima ilinuka kama zahanati. Siku ya kwanza walipata vigingi kumi na moja, na Mwalimu, aliyekuwa akihesabu siku, alilala na meno yaliyouma kwa kuyabana.

Hakumsemesha mumewe ila la kazi. Namba ngapi. Shika hapa. Sogea kwenye mwanga. Lakini alikuwa akimtazama, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Nyumbani alikuwa amemzoea akipapasa na kubomoa. Hapa mikono yake haikuwa na papara. Alikipima kila kigingi kwa vidole kabla hajakigonga, akaugeuza msasa, akaupunguza kwa wembe, akapima tena. Siku ya tatu fundi aliacha kumsimamia. Siku ya tano wakafikisha arubaini kwa siku.

Mchana wa siku ya sita fundi alikwenda kununua sufi ya vinyundo, wakabaki wawili. Mzee Spana alikuwa ameinama kwenye nyuzi nene za chini. Akasema bila kuinua kichwa:

"Miaka thelathini na moja, kila mashine niliyokabidhiwa ilitaka mafuta. Sikujua kuna kitu kinachosimama kwa sababu ya ukavu wake."

"Ungeuliza."

"Ungesema niache."

"Ndiyo, ningesema uache."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Mwalimu aliikaza kalamu ya risasi mpaka ncha ikavunjika. Hapa ndipo mtu huyu alipomshindia miaka yote, kwamba ujinga wake ulikuwa na mantiki isiyo na pa kuingilia. Alichonga kalamu upya. Aliandika namba mia na sitini na tatu. Kisha akasema lile neno la kiwanda halikuwa la kusemwa.

Mumewe alifuta kigingi kwa pamba. Akasema lilikuwa na ukweli kidogo.

"Hata kama," alisema Mwalimu. "Nipe kigingi."

*

Siku mbili kabla ya mtihani kigingi cha mwisho kilirudi mahali pake, na fundi akakaza sauti mara ya kwanza. Noti zikashuka. Akakaza mara ya pili, ya tatu. Asubuhi ya siku yenyewe alikuja saa kumi na mbili akakaza ya nne, na zikakaa, isipokuwa mbili za juu ambazo matundu yake yalikuwa yamekunywa kuliko yote. Hizo, alisema, ni za kubembeleza. Akatangaza kwamba haondoki. Ataketi jikoni na ufunguo wake.

Mtahini alikuwa mwanamume mwembamba aliyechoka na safari, mwenye tai na mafua. Wanafunzi walikuwa wanne, kwani pacha walikuwa wameshahamia shule kubwa. Kila mmoja alipomaliza, Mwalimu alimwalika mtahini atoke nje barazani apate hewa na kikombe cha chai. Mtahini alipogeuka tu, fundi aliingia kwa kunyata, akakaza noti mbili, akatoka. Baada ya mwanafunzi wa tatu mtahini alisema asante, chai sasa imemtosha. Mwalimu akamwambia chai ya nne ndiyo tamu, na kwa uso aliokuwa nao siku hiyo hakuna ambaye angembishia.

Wa mwisho alikuwa muuguzi wa miaka arubaini na mitatu, aliyeanza piano akiwa mtu mzima na kujizoeza kati ya zamu. Alicheza akiwa na jasho juu ya mdomo. Katikati ya kipande chake cha pili, noti moja ya juu ikaanza kuteremka. Mwalimu, aliyekuwa koridoni na sikio mlangoni, aliisikia ikienda, akafumba macho. Nyuma yake Mzee Spana naye aliisikia. Mwezi mmoja uliopita asingeisikia. Alimshika mkewe kiwiko, na hakukiachia mpaka muuguzi alipofika mwisho bila kusimama.

Mtahini alikusanya karatasi zake, akapenga kamasi, akasema kwenye piano nyingi alizokutana nazo katika ziara hii, vigingi ndivyo vilivyokuwa ugonjwa. Hii imeshikiliwa vizuri kwa umri wake. Ni nani anayeitunza?

Mwalimu aliingia sebuleni.

"Ni fundi wangu," alisema Mwalimu. Kisha akaongeza: "Na mume wangu."

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Watatu walifaulu, muuguzi akiwa wa juu. Wa nne alishindwa, na hilo halikuhusu piano, alikuwa hafanyi mazoezi. Pacha walibaki shule kubwa, hawakurudi tena, na mama yao alipokutana na Mwalimu dukani alijifanya anasoma bei za sabuni. Fundi naye hakuficha lolote: ubao ule utadumu miaka miwili, mitatu kwa bahati, na lazima uangaliwe kila baada ya miezi mitatu. Mwalimu alipunguza matumizi ya nyumba na kuandika tarehe hizo kwenye kalenda kwa wino mwekundu.

Kilichobadilika hasa ni kwamba Mzee Spana hakuwa tena nyumbani mchana. Fundi alimchukua. Mwanzoni ilikuwa kumbebea mkoba tu. Baadaye akawa anang'oa vigingi na kubadilisha ngozi za pedali kwenye nyumba za watu, kanisani, hotelini, na siku moja kwenye ukumbi wa ile shule kubwa, ambako alikuta, alisema, uchafu usiosimulika. Jioni alirudi na vumbi kwenye nyusi na hadithi nyingi. Mwalimu, aliyekuwa ameomba kwa miezi minane apate nyumba tulivu, sasa alikula chakula chake akisomewa hali ya kila piano mjini.

"Leo tulikuwa kwa mama mmoja," mumewe alisema jioni moja, akijipakulia mara ya pili. "Mtu mzima, msomi, anaipenda piano yake kweli kweli. Lakini fundi hamwiti. Miaka mitatu. Mitatu, Mwalimu. Sijui watu wengine huwa wanafikiria nini."

Mwalimu aliweka kijiko chini. Akamtazama mumewe, na mumewe akaendelea kutafuna kwa amani, akitikisa kichwa kwa kuwasikitikia watu wa namna hiyo. Alimtazama mpaka chakula kikapoa. Kisha akavuta bakuli la mchuzi, akalihamishia upande wake wa meza, akaendelea kula.